Nyama ya soya na ya mkebe: kilichomo ndani na jinsi ya kukipika

Mkazi anayesimama mbele ya rafu za dukani siku hizi hukuta vitu vitatu tofauti vinavyouzwa kwa sifa moja, kwamba ni nyama isiyotokana na mnyama. Cha kwanza ni vipande vikavu vya soya vya pakiti, ambavyo vimefika hadi kwenye vioski vya mitaani. Cha pili ni mikebe ya soseji, vipande au kima kilichotengenezwa kwa soya au ngano, ambayo huonekana zaidi kwenye supamaketi kubwa za mijini. Cha tatu ni fenesi changa lililofungwa kwenye mkebe wa maji ya chumvi. Vyote vikipikwa vizuri hufanana na nyama sahanini. Mwilini havifanani, na hapo ndipo familia hupoteza pesa au kula chumvi nyingi bila kujua.

Wanaonunua vyakula hivi wana sababu zao. Wapo waliokimbia bei ya nyama buchani, wapo wanaofunga Kwaresima, wapo ambao dini yao hairuhusu nyama, na wapo walioambiwa na daktari wapunguze nyama nyekundu. Lakini anayeondoa nyama katika chakula cha watoto anahitaji kujua ameweka nini mahali pake.

Kwanza ni suala la protini, ambayo ndiyo hujenga misuli na kumkuza mtoto. Pakiti nyingi za soya hutangaza kwamba zina protini maradufu ya nyama. Ni kweli, mradi soya ikiwa bado kavu. Gramu 100 za vipande vikavu vya soya iliyokamuliwa mafuta zina protini ya takriban gramu 50, na nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta ina takriban gramu 21. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula soya kavu. Vipande hivyo hunywa maji na uzani wake kuongezeka mara mbili hadi tatu. Gramu 100 zikishakuwa gramu 300 ndani ya sufuria, kila gramu 100 inayopakuliwa hubaki na protini ya gramu 17 hivi.

Hesabu hiyo haimaanishi soya ni duni. Inamaanisha tu kwamba chakula kipimwe kwa kilichoingia sufuriani kikiwa kikavu. Familia ya watu watano ikipika gramu 100 za soya kavu, kila mmoja hupata protini ya gramu 10 hivi. Mtu mzima mwenye kilo 60 huhitaji karibu gramu 48 kwa siku. Ugali, chapati au wali utaongeza kiasi, lakini pakiti moja ndogo iliyojaa mchuzi mwingi haitoshi watu wanane, hata kama sufuria inaonekana imejaa.

Mikebe ya ngano ina jambo lake. Nyama hiyo hutengenezwa kwa gluteni, yaani ile sehemu inayonata ya unga wa ngano inayobaki baada ya donge kuoshwa kwa maji mpaka wanga uondoke. Wachina wamekuwa wakiipika kwa karne nyingi. Ina protini nyingi, lakini ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi nayo yana upungufu huohuo. Kwa hiyo anayekula ugali kwa nyama ya ngano amekula vyakula viwili vyenye pengo moja. Dawa yake ni rahisi na ipo jikoni tayari: maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi au soya yenyewe, kwa kuwa jamii ya kunde ina lisini ya kutosha. Githeri, kwa hakika, ilitatua tatizo hili kabla ya mikebe kuletwa.

Fenesi changa ndilo linalodanganya macho zaidi. Nyuzi zake huchambuka kama nyama ya kuku, na hushika viungo vizuri sana. Hata hivyo, ni tunda, na protini yake haifiki hata gramu 3 kwa kila gramu 100. Ni mboga nzuri, lakini anayelipika aliweke pembeni ya maharagwe, si badala yake.

Kuhusu chanzo cha vyakula hivi, mikebe ilitangulia pakiti. Huko Battle Creek, Michigan, Marekani, Dkt. John Harvey Kellogg alitoa mwaka 1896 chakula cha karanga kilichoitwa Nuttose ili kiliwe mahali pa nyama. Vipande vikavu vya soya vilianza kutengenezwa viwandani miaka ya 1960. Unga wa soya uliokamuliwa mafuta hulowanishwa, hupashwa joto kali na kusukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo. Unapotoka, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla na unga hufura, karibu kama bisi. Ndiyo maana vipande hivyo vina matundu kama sifongo, na ndiyo maana kazi kubwa ya mpishi ni kuamua sifongo hiyo inywe nini.

Wengi wanaolalamika kwamba soya ina harufu ya maharagwe mabichi, au kwamba ladha haikuingia, wamevitia vipande vikavu moja kwa moja kwenye mchuzi. Njia bora ni kumimina maji yanayochemka juu ya vipande, kufunika na kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Vikishalainika, maji yamwagwe, vipande visuuzwe kwa maji safi, kisha vikamuliwe kwa viganja mpaka visitoe tone. Kukamua huku ndiko kunakoondoa harufu na kuacha nafasi ya viungo kuingia. Baada ya hapo vichanganywe na kitunguu saumu, tangawizi na maji ya limau au ukwaju, viachwe kidogo, halafu vikaangwe kwa mafuta machache mpaka kingo zigeuke rangi ya kahawia. Bila kukaangwa hivyo, soya hubaki laini kama mkate uliolowa.

Mchuzi utayarishwe kando kama kawaida: vitunguu, nyanya zilizoiva, pilipili hoho na dhania. Vipande huingia nyanya zikishapondeka, pamoja na kikombe kimoja cha maji, na kuiva polepole kwa dakika 10 au 15. Soya ya kusaga haihitaji kulowekwa muda mrefu, na hufaa kwa sambusa au kuchanganywa na viazi. Anayetaka kuwazoesha watoto aanze kwa kuchanganya nusu soya na nusu ndengu; wengi hawatauliza.

Nyama ya mkebe hupikwa kinyume cha hivyo. Yenyewe imeshaiva kiwandani ikiwa ndani ya mkebe, kwa hiyo kuichemsha tena kwa muda mrefu huifanya soseji ivunjike na vipande vya ngano viwe kama mpira. Imwagwe maji yake, isuuzwe, ipanguswe kwa kitambaa safi, ikaangwe upande huu na huu, kisha iongezwe kwenye mchuzi ulioiva, dakika 5 kabla ya kupakua.

Kusuuza huko si kwa ajili ya ladha pekee. Vyakula vingi vya mkebe hufungwa na chumvi nyingi, na shinikizo la damu ni maradhi ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila dalili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari kwenye mkate, mchuzi na vyakula vya dukani. Lebo nyingi haziandiki chumvi, huandika sodiamu. Ukizidisha sodiamu kwa 2.5 unapata chumvi: chakula chenye miligramu 400 za sodiamu kwa kila gramu 100 kina gramu 1 ya chumvi katika kiasi hicho. Kwa hivyo chumvi na unga wa mchuzi wa pakiti visiongezwe kabla ya kuonja. Kosa la kawaida ni kutia vyote viwili mwanzoni kwa mazoea, na nyama ya mkebe ikaja na chumvi yake juu.

Kuna virutubishi viwili ambavyo nyama huviacha nyuma inapoondoka. Cha kwanza ni madini ya chuma. Soya na maharagwe yana chuma, ila mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama. Nyanya, limau, chungwa au pera wakati wa mlo husaidia sana. Chai huzuia, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa kisubiri saa moja baada ya chakula, jambo lenye uzito zaidi kwa wajawazito. Cha pili ni vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea isipokuwa imeongezwa kiwandani. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata. Asiyekula chochote kitokanacho na mnyama anapaswa kutafuta chakula kilichoongezwa vitamini hiyo au kumwona afisa wa lishe katika kituo cha afya.

Wenye mzio wa soya au ngano, na wale ambao matumbo yao hayavumilii gluteni, wasome orodha ya viambato hata kama picha ya mbele inaonyesha soya tu, kwa sababu mikebe mingi huchanganya vyote viwili. Anayetumia dawa ya levothyroxine kwa ajili ya tezi ya shingo amuulize daktari ampangie saa, kwani soya hupunguza dawa inayoingia mwilini. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa maziwa ya mama pekee. Akishaanza kula, vipande vipondwe au vikatwe vidogo sana, maana kipande kizima kinaweza kumkaba.

Mkebe uliofura, unaovuja, wenye kutu kali au uliobonyea kwenye mshono usinunuliwe hata ukiuzwa nusu bei. Unaweza kuwa na sumu ya botulini, ambayo haina lazima ya kunuka wala kubadili ladha, kwa hiyo usionjwe ili "kuhakikisha". Chakula kikibaki baada ya mkebe kufunguliwa, kihamishiwe kwenye chombo cha glasi au plastiki chenye kifuniko na kiliwe ndani ya siku 2 au 3 kikiwa kwenye friji. Nyumba isiyo na friji inunue mkebe unaotosha mlo mmoja.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atazame tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo huthibitishwa kwa ujumbe mfupi: andika SM#, ikifuatwa na nambari hiyo, kisha tuma kwa 20023. Duka likiendelea kuuza mikebe iliyofura au iliyopitwa na tarehe, mkazi aihifadhi risiti na mkebe wenyewe bila kuufungua, kisha ampelekee taarifa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yake.