Je, Wajua? Kumwaga oili mwenyewe na waranti yako

Marekani ina sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kufuta waranti eti kwa sababu tu mwenye gari amemwaga oili mwenyewe. Mtengenezaji akikataa dai, aonyeshe kwamba kazi hiyo ndiyo iliyoua injini.

Hapa Mngeta, Tanzania, usiegemee sheria ya watu. Soma masharti ya kadi yako ya waranti kabla ya kushika spana. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, waranti ilishakwisha zamani. Inayokuhusu zaidi ni ya trekta jipya, pawatila au pikipiki. Trekta huhesabiwa saa, si kilomita, na mengi hutaka oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 tu, pengine hata shamba la mpunga halijaisha kulimwa! Vumbi la barabara ya Ifakara–Mlimba nalo hufupisha muda wa oili.

Tunza risiti za oili na filta, andika tarehe na saa zilizosomwa kwenye mita. Maneno matupu hayamtishi wakala. Oili chafu usiimwage mtoni: Bonde la Kilombero ni ardhioevu iliyo chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar tangu 2002.