Barafu ya Maembe

Majira ya maembe yafikapo katika nchi za pwani, matunda huwa mengi kuliko walaji. Yaliyoiva leo, kesho yamelainika, na keshokutwa nzi wamekwisha kuyawahi. Ndipo watu wa nyumbani hufikiri namna ya kuyatumia kabla hayajaharibika, na namna moja ipendwayo sana na watoto ni kuyagandisha yawe barafu tamu. Katika nyumba zenye friji kazi hii ni nyepesi. Tena wanawake wengi wa Mombasa na Dar es Salaam hujipatia fedha kwa kuuza barafu za ubuyu na za ukwaju zilizofungwa katika vifuko. Lakini friji hukawia, mara nyingi usiku kucha, wala haifai kitu umeme ukikatika. Iko njia nyingine, ya zamani zaidi, imalizayo kazi kwa muda wa nusu saa au kupita kidogo, na vyombo vyake ni ndoo, kopo, barafu na chumvi.

Mtu asiyeijua njia hiyo hudhani ya kuwa yatosha kulizika kopo la maji ya maembe katika barafu tupu. Hungoja, na kungoja tena. Maji hupoa sana, wala hayagandi. Sababu yake ni hii. Watu husema kuwa barafu hutia baridi, lakini kwa kweli baridi si kitu kiwezacho kutiwa. Barafu huondoa joto. Kila iyeyukapo huvuta joto katika vitu vilivyo karibu nayo, na joto hilo si dogo. Joto liyeyushalo kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo moja ya maji, yaliyo baridi kama barafu yenyewe, hata yafikie digrii 80, yasivumilike kwa mkono. Walakini barafu tupu iyeyukapo hukaa katika digrii 0, na maji ya matunda yenye sukari hayagandi katika digrii 0. Yataka baridi iliyozidi.

Basi hapo ndipo chumvi ifanyapo kazi yake. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Kwa hiyo chumvi ikichanganywa na barafu huilazimisha kuyeyuka hata katika baridi kali, nayo ikiyeyuka huzidi kuvuta joto, kwanza katika mchanganyiko wenyewe, kisha katika kopo. Mafungu matatu ya barafu na fungu moja la chumvi huweza kushuka mpaka karibu na digrii 20 chini ya 0. Ni ajabu kidogo, kwamba barafu huzidi kuwa baridi kwa sababu inayeyuka.

Maembe huoshwa, humenywa, hupondwa, na yenye nyuzi huchujwa. Hutiwa sukari na maji ya ndimu kidogo. Hapa mpishi hana budi kuangalia, maana ulimi ulioshikwa na baridi hausikii utamu vizuri, hivyo maji yataka kuwa matamu kuliko yale ya kunywa. Lakini sukari ikizidi mno hayatagandamana, na ikipungua mno yatakuwa magumu kama jiwe. Kisha hutiwa katika kopo safi la bati lenye kifuniko, lisijazwe hata juu, kwa kuwa maji hutanuka yakiganda. Kopo huwekwa katikati ya ndoo, na nafasi iliyo kando yake hujazwa barafu iliyovunjwavunjwa, tabaka kwa tabaka na chumvi nene. Ndoo ya mti ni bora kuliko ya bati, kwa sababu mti haupitishi joto upesi. Ya bati na izungushiwe gunia. Mchanganyiko huo usishikwe kwa mikono mitupu, maana baridi yake huunguza ngozi kama moto.

Tangu hapo kopo huzungushwa huku na huku, na kila baada ya dakika chache hufunguliwa, vilivyoganda pembeni vikakwanguliwa kwa mwiko na kukorogwa. Wavivu huiruka kazi hii, nao hupata bonge lenye chembe kubwa zikwaruzazo meno. Kukoroga huzivunja chembe zingali ndogo, na barafu ikawa laini. Mwaka 1843 mwanamke mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alipata hati ya serikali kwa chombo chake cha kugandishia: ndoo nje, kopo ndani, na mkono wa kuzungusha ukorogao bila kufungua kifuniko. Barafu na chumvi vilikuwa vimejulikana kabla yake. Yeye alipunguza taabu.

Liko jambo moja ambalo limewadhuru wengi. Baridi haiui vidudu vya maradhi kama moto uviuavyo. Vidudu vya homa ya matumbo vikiwa katika maji machafu hulala tu katika barafu, na katika tumbo la mtoto huamka. Kwa hiyo maji yoyote yatakayochanganywa na matunda huchemshwa kwanza na kuachwa yapoe, na mikono, kisu na kopo huoshwa kwa sabuni. Barafu ya kuzunguka kopo ni habari nyingine: hata ile inunuliwayo kwa wavuvi, isiyofaa kuliwa, yaweza kutumiwa, mradi isiguse chakula. Lakini kabla ya kulifungua kopo, kila mara, kifuniko na ukingo wake hupanguswa kwa kitambaa safi, kwa maana tone moja la maji yale ya ndoo likiingia, chumvi huharibu ladha, na uchafu wake waweza kufanya vibaya zaidi.

Barafu ikiwa tayari huliwa papo hapo. Maji ya chumvi yaliyobaki yasimwagwe penye miche, yataiua. Huwekwa juani katika sinia pana hata yakauke, na chumvi ikusanywe kwa kugandishia siku nyingine.