Likasi Isingoje Watalii wa Mbali

Ukitaja mji wa Likasi, wengi hukumbuka shaba na kobalti, pengine na urani ya Shinkolobwe iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Vilima na maji husahaulika. Hata utalii unapozungumzwa katika mkoa wa Haut-Katanga, macho huelekea Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambako maji ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300. Ni maporomoko ya fahari, ila kuyafikia ni shughuli, hasa mvua zikianza. Naona Likasi isijitaabishe kuyagombea na Kundelungu macho ya mgeni wa Ulaya. Mgeni wake yuko Lubumbashi, kilomita 120 hivi kwa barabara ya lami: familia inayotafuta pa kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili.

Cha kumwonyesha kipo, ila tumekizoea mno. Muda mrefu kabla kampuni ya madini ya Kibelgiji, Union Minière, haijaundwa mwaka 1906, Wasanga waliyeyusha malakiti, lile jiwe la kijani, wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likalishwa makaa na kupulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya swala. Shaba ikamiminwa kwenye kalibu, ikatoka misalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha na mahari. Mingine imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, imelazwa vifuani mwa wafu, na mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Mtoto wa Likasi anaijua misalaba hiyo kama pambo la ukutani. Tanuri moja likijengwa upya na kuwashwa kila kiangazi mbele ya watu, atajifunza kwa saa chache kwamba ufundi wa shaba haukuletwa na Wabelgiji. (Shinkolobwe yenyewe iachwe ilivyo; udadisi si sababu ya kupeleka watu kwenye mionzi.)

Baada ya tanuri, maji. Bwawa la Mwadingusha, ambalo mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1930, liliuzuia Mto Lufira na kuzaa Ziwa Tshangalele, ziwa la kina kifupi lenye matete, ndege wengi na wavuvi. Tangu 1982 bonde la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za mazingira hai.

Kuna atakayesema utalii hautalipa kama mgodi. Hautalipa, na sidai hivyo. Lakini fedha ya mgodi haimfikii mama anayeuza bukari na samaki kando ya ziwa. Ya mgeni wa Jumamosi inamfikia siku hiyohiyo. Hoja nzito zaidi ni ya uchafu: mito inayotoka upande wa viwanda vya Likasi humwaga maji yake katika ziwa hilo, na watafiti wamekuta shaba na kobalti katika samaki wa Tshangalele. Je, tuwaalike watu kula samaki hao? Kwanza samaki wapimwe, na majibu yabandikwe sokoni kwa Kiswahili. Leo anayeuliza habari za maji hayo ni mvuvi peke yake, na mvuvi hasikilizwi. Familia za mjini zikianza kuuliza pamoja naye, wenye viwanda watapata shida zaidi kunyamaza.