Kati ya faili na kitanda: maneno ya Kiingereza ya hatari na tafsiri zake wodini

Katika hospitali nyingi za Tanzania faili la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa na jamaa zake huelezwa hali kwa Kiswahili. Kwa hiyo kati ya faili na kitanda hufanyika tafsiri kila siku. Majina ya viungo vya mwili hayasumbui, kwa kuwa ini ni ini na figo ni figo. Yanayosumbua ni maneno yanayopima usalama wa mgonjwa: stable, critical, hazard, risk na danger.

Neno stable lina asili ya Kilatini na maana yake ni kilichosimama imara, kisichoyumba. Daktari anapoliandika, anasema kwamba mapigo ya moyo, shinikizo la damu na upumuaji havikubadilika sana katika muda uliopimwa. Hasemi kwamba vipimo hivyo ni vizuri. Mgonjwa anayepumua kwa msaada wa mashine anaweza kuandikiwa stable siku kumi mfululizo. Hata hivyo, neno hilo likifika kwa ndugu huwa limekwisha kugeuka na kuwa “anaendelea vizuri”. Mtoto wa mgonjwa aliyeko Songea akisikia hivyo huahirisha safari hadi mwisho wa mwezi, na huenda simu inayofuata ikawa ya msiba. Hata wenye Kiingereza chao wameliona tatizo hilo. American Hospital Association, chama cha hospitali cha Marekani, hushauri stable lisitumiwe peke yake kutangaza hali ya mgonjwa, wala lisiambatanishwe na critical, kwa sababu mgonjwa aliye katika ngazi hiyo ni yule ambaye hali yake haitabiriki. Kwa Kiswahili yatosha kusema: “Hali yake haijabadilika tangu jana, bado anaumwa sana.” Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno moja, lakini ni ya kweli.

Critical nalo lilitoka kwa Wayunani, kwenye neno lenye maana ya uamuzi. Kwa matabibu wao wa kale ilikuwa saa ambayo ugonjwa ungeelekea ama kwenye nafuu ama kwenye kifo. Neno mahututi limeelemea upande mmoja tu. Ndugu wakiambiwa mgonjwa anahamishiwa wodi ya wagonjwa mahututi, wengine huanza kuulizana habari za mazishi, ilhali wodi hiyo ipo kwa ajili ya watu ambao bado wanaweza kuokolewa. Inafaa waelezwe hivyo kabla kitanda hakijaanza kusukumwa.

Hazard, risk na danger kwa kawaida huingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja, hatari. Kiingereza cha kitaalamu huyatenganisha. Kisima kisichofunikwa uani ni hazard, yaani kitu chenye uwezo wa kudhuru. Uwezekano wa mtoto kutumbukia ndio risk, nao hutegemea umri wake na kama kuna mtu anayemwangalia. Mtoto akiwa amekwisha kupanda ukingoni, hiyo ni danger. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi moja na tumbaku, na wengi wakaelewa kwamba soseji inaua sawa na sigara. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani. Hayapimi kinadhuru watu wangapi.

Risk hudai hesabu. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walitangaziwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda mishipani. Kwa idadi, lilikuwa ongezeko la kutoka takriban mwanamke 1 hadi 2 kati ya 7000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka. Kama wangepewa zile namba mbili badala ya neno maradufu, pengine wengi wasingeviacha.

Tafsiri yenye madhara zaidi, hata hivyo, imezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Kuhatarisha ni kutia hatarini, na chenye kutia hatarini ndicho hatarishi. Kwa hiyo tabia hatarishi na kazi hatarishi ni maneno sahihi, na kihatarishi ni neno zuri kwa hazard. Lakini siku hizi husikika pia “makundi hatarishi”, hasa katika habari za virusi vya UKIMWI. Kiingereza kilisema watu hao wamo hatarini. Tafsiri imewafanya wao ndio hatari. Mtu aliyebandikwa jina hilo ana sababu ya kukikwepa kituo cha upimaji. Vivyo hivyo mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu akiambiwa ana “mimba hatarishi” husikia kama analaumiwa. “Walio hatarini zaidi” na “ujauzito unaohitaji uangalizi wa karibu” ni maneno yaliyopo, na hayamuumizi mtu.

Danger pekee ndilo lililopata mwenzake kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano unataja dalili za hatari zinazofahamika katika kliniki nyingi: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Hapa hakuna uwezekano wa kukadiria. Mtoto mwenye hata dalili moja kati ya hizo hasubirishwi hadi asubuhi. Hupelekwa kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.