Kipimo, Jino na Uamuzi: Nafasi ya Teknolojia za Kisasa katika Utambuzi wa Kuoza kwa Meno

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia kuu zinazotumika leo kutambua kuoza kwa meno, yaani macho ya daktari, picha za eksirei na mwanga wa leza, na kuchunguza masharti yanayolifanya jibu la kifaa liaminike. Hoja kuu ni kwamba usahihi wa kifaa peke yake hautoshi kuonesha ubora wa kipimo. Kiwango cha ugonjwa katika jamii inayopimwa, pamoja na tiba itakayofuata jibu, vina uzito uleule.

1.0 Utangulizi

Kuoza kwa meno ni miongoni mwa maradhi yaliyoenea zaidi ulimwenguni. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu wapatao bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa. Ugonjwa huu huanza bila maumivu. Bakteria waliomo katika ukoga huchachusha sukari, asidi inayozalishwa huyeyusha madini ya enameli, na doa jeupe hutokea muda mrefu kabla ya tundu. Katika hatua hiyo madini yanaweza kurejeshwa kwa floridi na usafi wa kinywa. Jino likishatobolewa kwa mashine, sehemu iliyoondolewa hairudi. Kwa hiyo kosa la utambuzi lina sura mbili: kuuacha ugonjwa uendelee, au kulitoboa jino lenye afya.

2.0 Njia za utambuzi na namna zinavyofanya kazi

2.1 Macho ya daktari

Uchunguzi wa macho ndio msingi wa njia nyingine zote. Mfumo wa kimataifa wa ICDAS hupanga hali ya uso wa jino kuanzia alama 0 hadi 6. Jino husafishwa kwanza, kisha hukaushwa kwa hewa kwa takribani sekunde 5, kwa kuwa doa la mwanzo kabisa huonekana tu jino likiwa kavu. Mfumo huu umeachana na desturi ya zamani ya kuchoma jino kwa sindano kali, ambayo inaweza kuibomoa enameli iliyodhoofika na hivyo kuzalisha tundu ambalo halikuwapo.

2.2 Picha za eksirei

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mwaka 1895. Mapema mwaka 1896, Otto Walkhoff wa Ujerumani alijipiga picha ya meno kwa kukaa mbele ya mionzi kwa dakika 25. Leo picha kama hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Mfumo wa kwanza wa kidijitali wa meno, uliobuniwa na Francis Mouyen wa Ufaransa, ulianza kutumika mwaka 1987, na kuwezesha picha kuonekana katika kompyuta bila kusafisha filamu.

Faida kubwa ya eksirei ni kuonesha nyuso za meno zinazogusana, ambako macho hayafiki. Hata hivyo, kivuli huonekana tu baada ya kiasi kikubwa cha madini kupotea. Katika uso wa kutafunia wa magego, enameli yenye afya huuficha ugonjwa wa mwanzo. Picha za pande tatu za taya, zilizoingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990, zinafaa kwa mizizi, mifupa na upasuaji. Kwa kuoza kwa kawaida hazifai, kwani kwa jumla hutumia mionzi mingi zaidi, na vijazo vya chuma huchafua picha.

2.3 Mwanga wa leza

Kifaa cha leza kilichoingia sokoni mwaka 1998 humulika jino kwa mwanga mwekundu wa nanomita 655, kupima mng'ao unaorudi, na kutoa namba kuanzia 0 hadi 99. Mng'ao huo hutokana hasa na mabaki ya bakteria. Namba inayosomwa, kwa hiyo, haipimi moja kwa moja madini yaliyopotea. Ukoga, madoa ya chai na enameli yenye vinyweleo vinaweza kuipandisha namba hiyo pasipo ugonjwa.

3.0 Kulisoma jibu la kipimo

Kipimo huelezwa kwa sifa mbili. Unyeti ni uwezo wa kuunasa ugonjwa uliopo, na umahususi ni uwezo wa kulitambua jino lenye afya kuwa lina afya. Tuchukue mfano wa kukisia: kifaa chenye unyeti wa asilimia 80 na umahususi wa asilimia 80 kinapima meno 1,000.

Ikiwa meno 500 yameoza, kifaa kitayanasa 400 na kuyashuku kimakosa 100 yenye afya. Kati ya majibu 500 ya "limeoza", 400 ni ya kweli, sawa na asilimia 80. Ikiwa meno yaliyooza ni 100 tu, kifaa kilekile kitayanasa 80 na kuyashuku kimakosa 180. Kati ya majibu 260, ya kweli ni 80, sawa na takribani asilimia 31. Kifaa hakikubadilika, kilichobadilika ni jamii iliyopimwa.

Madhara ya kosa hilo hutegemea tiba. Endapo jibu hufuatwa na kupakwa floridi na kuchunguzwa upya, meno 180 hayapati hasara kubwa. Endapo hufuatwa na kutobolewa, meno 180 yenye afya hujeruhiwa ili 80 yatibiwe.

4.0 Mazingira ya Tanzania

Katika baadhi ya maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji yatokayo kwenye miamba ya volkano yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaoyanywa huota meno yenye enameli ya vinyweleo, madoa meupe au ya kahawia. Hali hizo ndizo zinazoweza kuidanganya leza, na hivyo umahususi ulioripotiwa kwingineko hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio wa huku. Jicho lililofunzwa lina msaada zaidi: madoa ya floridi kwa kawaida hulingana pande zote mbili za kinywa, ilhali doa la kuoza hukaa pale ukoga unapojikusanya, hususani karibu na ufizi.

Aidha, katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa chimbuko la tiba ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine. Sehemu iliyolainika huchokolewa, kisha tundu hujazwa saruji inayonata kwenye jino. Kwa mtazamo wa utambuzi, njia hii ina kinga ndani yake: kifaa cha mkono hakikati kwa urahisi jino imara, hivyo ugumu unaohisiwa mkononi humwambia tabibu mahali pa kukoma.

5.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa kila njia ina eneo lake: macho kwa nyuso zinazoonekana, eksirei kwa nyuso zilizofichika, na leza kama ushahidi wa ziada usiotosha kuamulia kutoboa. Inapendekezwa kwamba, kabla ya kifaa kipya kununuliwa kwa ajili ya kliniki za umma, umahususi wake upimwe kwa meno ya wakazi wa eneo husika, yakiwamo yenye madoa ya floridi. Vilevile, mwongozo wa matumizi ubainishe kiwango cha jibu kinachoruhusu kutoboa na kile kinachodai kungoja na kuchunguza upya.