Baba anataka gari la milango miwili. Mtoto atakaa wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mitundu

Picha ameitunza kwenye simu tangu akiwa chuo. Ni Toyota Celica nyekundu, milango miwili, taa za mbele zimechongoka kama macho ya paka, imeegeshwa nje ya duka moja jijini Dar es Salaam. Simu amebadilisha mara nne, na kila mara picha imehama naye.

Mwenye picha sasa ni mwalimu wa sekondari hapa Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi, mkoani Singida. Ana mke, binti wa miaka sita na mtoto wa kiume wa miezi saba. Ana pia shamba la ufuta, na baada ya misimu mitano ya kuuza na kuweka, pesa ya gari imepatikana. Wameomba nisiwataje majina kwa kuwa mjadala wenyewe bado haujaisha ndani ya nyumba.

"Watu wanadhani nataka kujionyesha," anasema. "Mimi sinywi, sivuti, mpira naangalia hapahapa kwa jirani. Hiki ndicho kitu kimoja nilichowahi kukitaka kwa ajili yangu mwenyewe."

Mkewe ana duka la vitenge na nguo za watoto. Anamsikiliza huku akimtikisa mtoto mgongoni ili alale. Hana ugomvi na rangi wala mwendo wa gari. "Mimi nilimuuliza swali moja tu. Baba watoto, mimi na huyu tutakaa wapi?"

Nilikuwa nimekuja Mitundu kwa habari ya chanjo. Niliondoka na swali hilo la mama, na wiki mbili baadaye, waliposafiri kwenda Dodoma kuiangalia Celica moja iliyokuwa ikiuzwa kwenye yadi, niliomba kuwepo.

Dakika kumi ndani ya gari

Ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Celica ya toleo la mwisho, lile lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, bado hugeuza shingo za watu. Mwalimu aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha mama akafungua begi na kutoa kiti cha mtoto cha gari, alichoazima kwa dada yake anayeishi Dodoma.

Kwenye karatasi gari hili lina siti nne, na familia ina watu wanne. Hesabu inakubali. Ila siti mbili za nyuma zina mikanda miwili na nafasi ya kuwekea mkoba. Binti wa miaka sita alipita kwa kuinama, siti ya mbele ikiwa imelazwa, akakaa, akasema kichwa chake kiko karibu na kioo cha nyuma. Kikaja kiti cha mtoto mchanga. Kiti hiki hufungwa mtoto akitazama nyuma ya gari, kwa sababu shingo yake bado ni laini na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Gari likigonga, mgongo mzima wa kiti ndio humpokea. Kiliingia kwa kusukumwa. Ili kikae sawasawa, siti ya abiria mbele ilibidi isogezwe hadi magoti ya mama yakagusa dashibodi.

"Kutoka Dodoma hadi Mitundu nikiwa hivi?" aliuliza, na hakuna aliyemjibu.

Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akasema tuondoe kiti, mama ampakate mtoto mbele, safari itakuwa nyepesi.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtazamaji.

Mapaja si kiti

Karibu sote tumepakatwa hivyo. Mama zetu walitushika kwenye basi, kwenye lori la mizigo, kwenye Land Rover ya misheni. Kwa hiyo ni vigumu kumwambia mzazi kwamba mikono yake haitoshi, na wengi huliona kama tusi.

Lakini fanyeni hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kupita kijijini, likigonga mti husimama ghafla. Waliomo ndani huendelea na mwendo uleule mpaka kitu kiwazuie. Katika sekunde hiyo mtoto wa kilo 8 huvuta mikono ya mama yake kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wake au zaidi. Hizo ni kilo 160, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mama wala baba anayeweza kuidaka mifuko mitatu ya saruji iliyorushwa.

Na kama mama naye hajafunga mkanda, mtoto anakuwa katikati ya dashibodi na mwili wa mtu mzima. Akifunga mkanda mmoja kumzunguka yeye na mtoto, mkanda huo humbana mtoto tumboni kwa uzito wa mama. Kila njia ya kupakata ni mbaya kuliko inavyoonekana.

Kisha upo mfuko wa hewa, ule unaofyatuka kutoka kwenye dashibodi. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo. Hufunguka kwa kufumba na kufumbua, kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto aliye mapajani au aliye kwenye kiti kinachotazama nyuma. Ndiyo maana kiti cha mtoto mchanga hakifungwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na ndiyo maana wataalamu wengi husema mtoto aliye chini ya miaka 13 akae nyuma.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya wachanga kwa hadi asilimia 71. Nimeandika sana kuhusu surua na malaria. Kuhusu mkanda wa nyuma nimeandika mara chache mno, na hilo ni kosa letu waandishi wa afya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, mtoto aliye chini ya miaka sita anatakiwa kisheria kukaa kwenye kiti chake tangu Aprili 2000. Gari linavuka bahari na mikanda yake mizima, likifika kwetu tunaifukia chini ya kava za siti.

Tatizo la gari la milango miwili, basi, si mwendo peke yake. Siti ya nyuma ni ya shida kiasi kwamba familia huikimbia. Mama anahamia mbele na mtoto mapajani, mkubwa anabaki nyuma peke yake bila mkanda, na kioo cha pembeni yake mara nyingi hakifunguki. Akitapika, akikosa pumzi au gari likianza kutoa moshi, hawezi kutoka mpaka mtu wa mbele atoke na kulaza siti. Yapo pia ya siti mbili tu, kama Toyota MR-S, na kwa hayo sina la kuwaambia wazazi.

Mama mjamzito naye asiache mkanda. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Siti irudishwe nyuma kadiri inavyowezekana.

Mfuko wenye ugonjwa

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wachache hulitaja. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikifyatuka inaweza kupasua chombo cha chuma kilichoibeba na kurusha vipande usoni na shingoni mwa mtu. Mifuko zaidi ya milioni 100 iliitwa irudishwe kiwandani duniani kote, ya Toyota, Honda, Mazda, Nissan na wengine, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Magari mengi ya miaka ya 2000 tunayonunua yamo katika umri huo.

Kukagua hakugharimu kitu. Chukua namba ya chasisi, ingia tovuti ya Japani ya kampuni iliyotengeneza gari, iandike, na simu itakutafsiria jibu. Kama kifaa hakijabadilishwa, ongea na wakala wa kampuni hiyo kabla ya kulipa.

Barabara ya Mitundu ina neno lake

Fundi mmoja wa hapa, mzee wa makamo, alicheka nilipomtajia Celica. "Masika uje uione hii njia, mdogo wangu, halafu uniambie." Anayeijua njia ya kutoka Itigi kuja huku na kuendelea Rungwa anajua vumbi, mchanga na mashimo yanayojaa maji. Gari la chini hupiga tumbo. Kateri ikipasuka oili inamwagika, na usipoona taa nyekundu mapema, injini imekwenda.

Wengi hulinyanyua kwa spesa. Linapanda kidogo, ila uzito nao unapanda, na gari lililoundwa kukaa chini linapoteza ule utulivu wa konani uliokufanya ulinunue. Tairi zake nyembamba za ubavu mfupi nazo hupasuka haraka kwenye mashimo. Zisomeni: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona tairi "mpya" zilizozaliwa kabla ya binti wa mwalimu.

Pesa ya ufuta

Neno "bei nafuu" linapotea bandarini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, TRA wamelithamini gari kuwa shilingi milioni 10 pamoja na usafiri na bima hadi Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, shilingi 625,000. Likiwa na zaidi ya miaka 10 linaongezwa asilimia 30 ya uchakavu, milioni 3.75. Juu ya yote VAT ya asilimia 18, milioni 3.04 hivi. Jumla ni karibu milioni 9.9, kabla ya tozo nyingine na usajili. Na TRA hutumia thamani yao, si ile ya risiti yako, kwa hiyo anzeni na kikokotoo kilichopo kwenye tovuti yao kabla ya kupenda picha.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaliruhusu na kulitoza. Ndiyo maana Celica ya 2002 bado inaweza kuingia hapa na kupewa namba E, na jirani akasema umenunua gari jipya. Herufi ya namba inaeleza lilisajiliwa lini Tanzania tu. Umri wake usomeni kwenye chasisi na kadi. Na kama linaagizwa kutoka mnadani Japani, ombeni karatasi ya mnada: alama ya R humaanisha liliwahi kugonga na kutengenezwa.

Injini ya Celica ya kawaida, 1ZZ ya sisi 1,800, ni ileile iliyomo kwenye Wish na Premio nyingi za sisi 1,800, kwa hiyo spea zipo. Za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili. Bodi, taa na vioo ndiyo kazi. Hivyo havina ndugu barabarani.

Moyo uleule

Yule fundi ndiye aliyemwonyesha mwalimu njia ambayo hakuifikiria. Celica ya mwendo mkali ilibeba injini inayoitwa 2ZZ. Toyota waliiweka injini hiyohiyo kwenye RunX ya Z Aerotourer, gari la milango mitano, siti tano, buti la kuwekea gunia. Kwa nje ni RunX tu, kama zile mnazoziona kila siku. Kwa ndani, ukikanyaga mafuta, ni ndoto ya mwalimu.

Hakulipenda mara moja. "Si ile," alisema, na nilimwelewa. Kuambiwa kitu kinachofaa unapotaka kitu kizuri hakuna utamu. Lakini siku iliyofuata alikuwa ameshaanza kutafuta, na kiti cha kuazima kiliingia kwenye siti ya nyuma ya RunX ya rafiki yake, mama akakaa pembeni yake miguu ikiwa imenyooka.

Nilipowapigia simu wiki iliyopita alikuwa amepata moja Singida mjini. Mwalimu alikuwa ameuliza injini, kilomita na kama gea boksi ni ya mkono. Kisha mkewe akaichukua simu, akamuuliza muuzaji kama mikanda ya nyuma yote mitatu inafunga. Muuzaji akasema hakuwahi kuiangalia, awape dakika tano akaifukue.