Karata Mbili Zikutanapo: Maana na Mfuatano katika Usomaji wa Taroti

Utangulizi

Imekuwa desturi miongoni mwa wataalamu kuliita "lugha" kila jambo lenye ishara: lugha ya mavazi, lugha ya ngoma, lugha ya picha. Taroti, yaani karata 78 zitumiwazo Ulaya na Marekani kwa uaguzi, nayo hutajwa katika kundi hilo. Wanaoitetea husema kwamba kila karata ni neno, na karata mbili zikitolewa pamoja huwa sentensi. Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo kwa kuuliza swali moja tu: maana hupatikanaje karata mbili ziwekwapo ubavu kwa ubavu? Hoja itakayotetewa ni kwamba taroti ina msamiati lakini haina sarufi, na kwamba kile kiitwacho sentensi ya karata kwa hakika ni sentensi ya msomaji.

Asili ya karata na majina yake

Taroti haikuanza kama chombo cha kuagulia. Ilianza katika miji ya kaskazini ya Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo. Kumbukumbu za ukoo uliotawala Ferrara za mwaka 1442 zazitaja karata hizo kwa jina la trionfi. Madai ya siri yalikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin, mwanachuoni wa Paris, alidai kwamba picha zake ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale. Alidai hayo miaka 41 kabla ya Jean-François Champollion kutangaza, mwaka 1822, ufunguo wa maandishi ya Kimisri. Hivyo maandishi aliyoyaegemea hayakuwa yakisomeka na mtu yeyote wa zama zake. Mwaka 1785 Etteilla, aliyejipa jina hilo kwa kuligeuza nyuma jina lake Alliette, alichapisha kitabu cha kuagulia kwa taroti. Michael Dummett, mwanafalsafa wa Oxford, alionyesha kwa marefu mwaka 1980 kwamba mchezo ulitangulia uaguzi kwa zaidi ya karne tatu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili historia hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Karata za taroti ni za aina mbili. Karata 22 ni za picha kuu, nazo ni turufu 21 pamoja na ile ya Mjinga. Karata 56 zilizosalia zimegawanyika katika mafungu manne ya vikombe, sarafu, fimbo na panga. Mafungu hayo yalitoka katika karata za Wamamluki wa Misri, ambazo seti yake moja imehifadhiwa katika jumba la Topkapi mjini Istanbul. Ni mafungu hayo hayo waliyokuwa nayo Wareno, na majina yake yakaachwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mchezaji wa Lamu au Mombasa asemapo kopa, anataja kikombe. Asemapo uru, anataja dhahabu. Pao ni fimbo, na shupaza ni panga, japokuwa alama zilizochorwa katika karata zake ni za Kifaransa na hazifanani na vitu hivyo. Neno turufu nalo, kama vile karata lenyewe, lilipitia kwa Wareno, na lina shina moja na lile trionfi la Ferrara. Basi Kiswahili hakihitaji kubuni istilahi za kuijadili taroti. Kinazo tangu zamani.

Karata moja na karata mbili

Karata moja ina maana inayoweza kuandikwa katika orodha. Katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite na kutolewa London mwaka 1909, turufu ya 16 ni Mnara: radi yaupiga mnara uliojengwa juu ya jabali, taji la kileleni laanguka, na watu wawili waporomoka vichwa chini. Turufu ya 17 ni Nyota: mwanamke aliye uchi amepiga goti ukingoni mwa dimbwi akimimina maji kutoka katika mitungi miwili, mmoja juu ya ardhi na mmoja ndani ya maji, chini ya nyota moja kubwa na saba ndogo. Ya kwanza hufasiriwa kuwa ni maangamizi ya ghafla. Ya pili, matumaini na utulivu. Hadi hapo hakuna mgogoro.

Mgogoro huanza zikutanapo. Orodha haiwezi kusaidia, kwani karata 78 hutoa mifuatano 6,006 ya karata mbili mbili. Na kwa kuwa kila karata yaweza kutoka wima au kichwa chini, idadi hiyo hufika 24,024. Kwa hiyo wasomaji wa taroti hutegemea kanuni, na tatu kati yake zafaa kuchunguzwa.

Kanuni ya kwanza ni mfuatano. Mnara ukitangulia Nyota, husemwa kwamba baada ya dhiki itakuja faraja. Mfuatano ukigeuzwa, maana hugeuka. Lakini hugeuka kuelekea wapi? Msomaji mmoja atasema kwamba tumaini lilikuwa la uongo nalo limeporomoka. Mwingine atasema kwamba tumaini ndilo lililoubomoa mnara uliomfunga mtu. Fasiri zote mbili zakubaliana na picha, nazo zapingana kabisa.

Kanuni ya pili ni ya asili nne. Wafuasi wa chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, waliyapa mafungu manne asili zake: fimbo ni moto, vikombe ni maji, panga ni hewa, sarafu ni ardhi. Karata za fungu moja huongezeana nguvu. Moto na maji hudhoofishana, kadhalika hewa na ardhi. Tuseme mbili ya vikombe, yenye mwanamume na mwanamke wanaopeana ahadi, yakutana na kumi ya fimbo, yenye mtu aliyeinamia mzigo mzito. Kanuni yasema kwamba zinapunguzana nguvu. Haisemi kama mapenzi yamechoshwa na mzigo, au mzigo umepunguzwa na mapenzi.

Kanuni ya tatu ni ya kugeuza. Karata iliyotoka kichwa chini hudaiwa kuwa ni kanusho. Walakini wasomaji wenyewe huifasiri mara kama kinyume, mara kama ucheleweshaji, mara kama jambo lililofichika moyoni. Kiambishi ha- katika Kiswahili hakina uhuru huo. "Hakuja" haliwezi kumaanisha "alichelewa kuja", hata msikilizaji angependa namna gani.

Kiungo kinachokosekana

Yafaa karata mbili zilinganishwe na nomino mbili zilizowekwa pamoja bila kiungo. Katika "askari jela" na "askari kanzu" muundo ni mmoja, lakini uhusiano ni mbalimbali: wa kwanza hulinda jela, wa pili huvaa kanzu, au tuseme nguo za kiraia. Hakuna kitu ndani ya maneno hayo kinachomfahamisha mgeni kwamba askari kanzu halindi kanzu. Uhusiano huo huletwa na jamii ya wasemaji, ambao wamekwisha kukubaliana. Mgeni akikosea, atasahihishwa.

Taroti haina jamii ya namna hiyo. Kila msomaji hutia mwenyewe kiungo na kitenzi: Mnara "umeleta" Nyota, "umeizuia", "umeipisha". Émile Benveniste alitofautisha baina ya ishara, ambayo hutambuliwa, na sentensi, ambayo hufahamika. Karata hutambuliwa, lakini hakuna kanuni ya kumwonyesha msomaji kwamba amekosea kuziunganisha, na pasipo kosa hapana sarufi.

Ulinganisho na ramli

Huenda ikadhaniwa kwamba hivyo ndivyo ulivyo uaguzi wote. Sivyo. Ramli, iliyofika pwani pamoja na elimu ya Kiarabu, ina maumbo 16, kila moja likiwa na safu nne za nukta moja au mbili. Maumbo mawili yakikutana, nukta zao hujumlishwa safu kwa safu: jumla ikiwa witiri huandikwa nukta moja, ikiwa shufwa huandikwa mbili. Hivyo umbo la tatu huzaliwa kwa hesabu. Mpiga ramli akikosea, mwenzake aweza kumsahihisha. Kwani hata umbo la 15, ambalo ni la hukumu, daima huwa na idadi shufwa ya nukta, na lisipokuwa hivyo kosa hudhihirika. Hili halithibitishi kwamba ramli inajua ya kesho. Lathibitisha tu kwamba inayo kanuni ya uundaji, na taroti haina. Hata katika ramli, hata hivyo, hesabu hukomea kwenye umbo. Kulihusisha umbo hilo na maisha ya muulizaji ni kazi ya mpiga ramli.

Hitimisho

Suala hili si la istilahi pekee. Mtu aliyefiwa, au anayehofia ndoa yake, akaambiwa kwamba "karata zimesema" mumewe hatarudi, ameelezwa sentensi iliyotungwa na mtu, kisha mtungaji akajificha nyuma ya picha. Kuiita taroti lugha ni kumsaidia kujificha. Mhakiki wa fasihi naye hayuko mbali na kishawishi hicho. Ashikapo taswira mbili za shairi, akaziweka pamoja na kutangaza kwamba shairi limesema hivi, budi aulizwe ni kiungo gani katika matini kilichoziunganisha: ni mnyambuliko, ni mizani, ni urudiaji wa neno, au ni yeye mwenyewe? Akionyesha kiungo, hoja yake yaweza kupimwa. Asipokionyesha, yafaa akiri kwamba sentensi hiyo ni yake, kama apasavyo kukiri msomaji wa karata.